Ufisadi na siasa za rangi zilivyomwachia mkulima wa Thailand deni

KATI ya mwaka 2006 na 2025, mawaziri wakuu sita wa Thailand waliotoka katika mrengo wa bwanyenye Thaksin Shinawatra waling'olewa mamlakani kabla ya kumaliza muhula. Mmoja, Thaksin mwenyewe, alipinduliwa na wanajeshi. Watano waliomfuata walitimuliwa na Mahakama ya Katiba.

Mara zote hizo taifa lilielezwa kuwa hatua hiyo ilikusudiwa kukomesha ufisadi au kulinda maadili ya uongozi. Na mara zote hizo, waliokuwa wamewapigia kura viongozi hao katika vijiji vya kaskazini na kaskazini mashariki waliachwa wakijiuliza kura yao ina thamani gani.

Mzozo huo umezoeleka kuelezwa kama vita baina ya kambi mbili: mashati mekundu ya wanavijiji na mashati ya manjano ya watu wa mjini. Maelezo hayo yana ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili imo katika mashamba ya mpunga, katika vitabu vya madeni, na katika namna wanasiasa wa kila rangi walivyojifunza kumgeuza mkulima kuwa ngazi ya kupandia.

Nchi mbili ndani ya moja

Eneo la kaskazini mashariki, ambalo wenyeji huliita Isaan, lina mikoa 20 na takriban theluthi moja ya wananchi wote wa Thailand. Udongo wake ni wa kichanga na hauhifadhi maji vyema. Sehemu kubwa ya mashamba hutegemea mvua, hivyo basi mkulima huvuna mpunga mara moja tu kwa mwaka.

Hali ni tofauti katika nyanda za kati zinazonyweshwa na mto Chao Phraya. Huko kuna mifereji ya umwagiliaji na wakulima wengi huvuna mara mbili. Mvua ikichelewa, mkulima wa nyanda za kati hupata hasara. Mwenzake wa Isaan hukosa chakula na mbegu.

Aidha, watu wa Isaan huzungumza lugha iliyo karibu sana na ile ya nchi jirani ya Laos, na kwa miaka mingi wamekuwa wakidharauliwa jijini Bangkok kama washamba. Ndio madereva wa teksi, wajenzi wa maghorofa, watumishi wa nyumbani na wachuuzi wa vyakula ambao bila wao jiji hilo lisingeamka asubuhi.

Takriban watu watatu kati ya kila wafanyakazi 10 nchini humo hutegemea kilimo, ilhali kilimo huchangia chini ya sehemu moja kwa kumi ya pato la taifa. Theluthi ya wafanyakazi inagawana kijisehemu kidogo cha keki. Kinachosalia kinabaki viwandani, bandarini na katika majumba ya benki, na sehemu kubwa yake iko Bangkok na mikoa inayoizunguka.

Julai 2, 1997, serikali ilipoacha kuitetea sarafu ya baht na thamani yake kuporomoka, mtikisiko wa kiuchumi ulioikumba Asia nzima ulianzia papo hapo. Viwanda vilifungwa na majengo yakaachwa mifupa mitupu. Waliopoteza ajira walirudi vijijini kwa wazazi wao. Kijiji ambacho hakikuwa kimefaidi neema ya miaka ya ustawi ndicho kilichotwishwa mzigo wa msiba.

Mwokozi mwenye mabilioni

Katika mazingira hayo ndipo alipojitokeza Thaksin, afisa wa zamani wa polisi kutoka mkoa wa Chiang Mai aliyetajirika kupitia leseni za simu za mkononi zilizotolewa na serikali. Alikiunda chama cha Thai Rak Thai mwaka wa 1998, na Januari 2001 akashinda uchaguzi mkuu.

Ahadi zake zilikuwa za kuhesabika. Kila mgonjwa angetibiwa katika hospitali ya umma kwa baht 30 pekee. Kila kijiji kingepewa hazina ya baht milioni moja ya kukopeshana. Wakulima wenye madeni wangepumzishwa kulipa kwa miaka mitatu.

Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba ahadi hizo zilitimizwa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wanasiasa wa awali walikuwa wakifika vijijini na noti chache msimu wa kura, kisha wakatoweka. Huyu alileta mpango ambao ungebaki hata baada ya mabango ya kampeni kuteremshwa. Mwaka wa 2005 alirejea na ushindi ambao haukuwa umewahi kuonekana: viti 377 kati ya 500 bungeni.

Hata hivyo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tayari mwaka wa 2001 alikuwa amenusurika kwa kura nane dhidi ya saba za majaji wa Mahakama ya Katiba, katika kesi ya kuficha mali ambapo hisa zenye thamani kubwa ziliandikishwa kwa majina ya watu wakiwemo watumishi wake wa nyumbani. Mwaka wa 2003, kampeni yake dhidi ya mihadarati ilisababisha vifo vya zaidi ya watu 2,000 katika muda wa miezi michache, wengi wao bila kufikishwa kortini.

Kisha Januari 2006, familia yake iliuza hisa zake katika kampuni ya Shin kwa shirika la Temasek, linalomilikiwa na serikali ya Singapore. Thamani ya biashara hiyo ilikuwa takriban baht bilioni 73, na familia haikulipa kodi kwa faida iliyopata. Kwa wakazi wa Bangkok ambao mishahara yao hukatwa kodi kila mwezi, hilo lilikuwa tusi.

Maandamano yalishika kasi. Septemba 19, 2006, Thaksin akiwa jijini New York kuhudhuria mkutano wa Umoja wa Mataifa, vifaru viliingia mitaani na serikali yake ikaanguka.

Manjano na nyekundu

Kilichofuata ni mlolongo unaochosha kuusimulia. Thai Rak Thai kilivunjwa na korti Mei 2007, lakini chama kilichorithi wafuasi wake kikashinda uchaguzi wa Desemba mwaka huohuo. Waziri Mkuu Samak Sundaravej alifutwa na korti Septemba 2008 kwa kulipwa kuendesha kipindi cha mapishi kwenye runinga. Mrithi wake, Somchai Wongsawat, ambaye ni shemeji ya Thaksin, aliondoshwa na korti Desemba baada ya waandamanaji wa manjano kuteka uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi.

Bunge lilimpa Abhisit Vejjajiva wa chama cha Democrat uongozi bila uchaguzi mpya. Mwaka wa 2010 ikawa zamu ya mashati mekundu. Maelfu yao walisafiri kwa malori na trekta kutoka mashambani na kupiga kambi katikati ya mtaa wa maduka ya kifahari jijini Bangkok, wakidai uchaguzi. Jeshi lilipowatawanya Mei 19, idadi ya waliofariki tangu Aprili ilikuwa imepita 90, wengi wao raia.

Hoja iliyotolewa na viongozi wa mashati ya manjano inastahili kuchunguzwa kwa makini. Walidai kwamba mwanakijiji hana elimu ya kutosha, kwamba kura yake hununuliwa, na kwa hivyo demokrasia ya kuhesabu vichwa hufungulia wezi mlango. Mwaka wa 2008 baadhi yao walipendekeza asilimia 70 ya wabunge wateuliwe na asilimia 30 pekee ndio wachaguliwe.

Ni kweli kwamba pesa hugawanywa wakati wa uchaguzi nchini Thailand. Lakini zimekuwa zikigawanywa na vyama vya kila upande. Mpiga kura anayepokea bahasha tatu kutoka kwa wagombea watatu bado analazimika kuchagua mmoja, na anapochagua hutazama zahanati, barabara na bei ya mpunga. Kama bahasha pekee zingetosha, vyama vilivyoungwa mkono na wenye mali havingeshindwa na mrengo wa Thaksin katika kila uchaguzi mkuu kuanzia 2001 hadi 2011.

Mwanakijiji alikuwa anafanya kile afanyacho mfanyabiashara wa Bangkok: kuipigia kura serikali inayomfaa. Tofauti ni kwamba wa kwanza huitwa mlafi, na wa pili huitwa mwekezaji.

Mpunga ulioiangusha serikali

Hata hivyo, kumtetea mpiga kura si kumtetea aliyempigia kura. Hilo lilidhihirika baada ya Yingluck Shinawatra, dadake Thaksin, kushinda uchaguzi wa Julai 2011 na kuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo.

Serikali yake ilitangaza kwamba ingenunua mpunga wa kawaida kwa baht 15,000 kwa tani, na ule wa kunukia unaosifika kwa kilimo cha Isaan kwa baht 20,000. Bei hizo zilizidi za soko kwa karibu nusu. Rasmi, mkulima alikuwa anaweka mpunga rehani na angeweza kuukomboa. Kwa bei hiyo, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuukomboa.

Hesabu ya serikali ilikuwa kwamba, kwa kuwa Thailand ndiyo iliyoongoza duniani kwa kuuza mchele nje, ikiuficha ghalani bei ya dunia ingepanda na gharama yote ingerudi. Hesabu hiyo ilisahau kwamba kuna wauzaji wengine. Septemba 2011, India iliondoa marufuku ya kuuza mchele wake wa kawaida nje. Wanunuzi, wakiwemo wa Afrika, waligeukia India na Vietnam. Mwaka wa 2012 Thailand ilipoteza nafasi ya kwanza iliyokuwa imeishikilia kwa miongo kadhaa.

Mchele ulijaa maghalani, mwingine ukaoza. Manufaa nayo hayakugawanyika sawa. Mkulima mkubwa wa nyanda za kati mwenye ziada ya tani nyingi alipata zaidi kuliko yule wa Isaan ambaye sehemu ya mavuno yake huliwa nyumbani. Wenye vinu vya kukoboa na wenye maghala ya kukodisha walipata bila kushika jembe.

Kisha zikafichuka njama zenyewe. Mchele uliodaiwa kuuzwa kwa serikali ya kigeni, kulingana na uamuzi wa korti, haukuwa umeuzwa kwa serikali yoyote. Uliuzwa kwa bei nafuu kwa kampuni na kurudishwa katika soko la humo humo nchini. Agosti 2017, aliyekuwa Waziri wa Biashara, Boonsong Teriyapirom, alihukumiwa kifungo cha miaka 42 jela. Yingluck alitoroka nchi mwezi huohuo, na Septemba akahukumiwa miaka mitano bila kuwepo kortini, kwa kosa la kuzembea kuzuia wizi huo.

Mkulima aliumia kabla ya hukumu hizo. Mwishoni mwa 2013, serikali ilijaribu kupitisha msamaha ambao ungemrejesha Thaksin nyumbani, na Bangkok ikalipuka kwa maandamano. Yingluck alivunja bunge Desemba, na serikali yake ya mpito ikakosa uwezo wa kukopa fedha za kuwalipa wakulima. Waliokuwa wamekabidhi mpunga wao walikaa miezi mingi na stakabadhi mkononi bila pesa. Baadhi walifunga barabara, na vyombo vya habari viliripoti visa vya wakulima waliojitoa uhai.

Mei 22, 2014, Jenerali Prayuth Chan-ocha alitwaa mamlaka. Miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoyafanya ni kuwalipa wakulima malimbikizo yao. Waliowapigania wakulima kwa maneno walishindwa kuwalipa. Aliyewanyang'anya kura ndiye aliyewapa pesa. Ni vigumu kupata mfano unaoonyesha waziwazi zaidi jinsi mkulima alivyokuwa karata mkononi mwa wengine.

Ufisadi hauna rangi

Endapo mapinduzi yangekuwa dawa ya ufisadi, Thailand ingekuwa imepona kitambo, kwani tangu ufalme wenye mamlaka yote ukomeshwe mwaka wa 1932 wanajeshi wamefaulu kutwaa serikali zaidi ya mara 10. Rekodi inaonyesha vinginevyo.

Mwaka wa 1995, serikali ya chama cha Democrat ilianguka kutokana na kashfa ya ardhi. Hatimiliki zilizokusudiwa wakulima wasio na mashamba zilibainika kupewa familia tajiri katika kisiwa cha kitalii cha Phuket. Naibu Waziri wa Kilimo wakati huo alikuwa Suthep Thaugsuban, yuleyule aliyeongoza maandamano ya 2013 na 2014 akisema anataka kuing'oa mizizi ya ufisadi.

Chini ya utawala wa kijeshi, Naibu Waziri Mkuu Jenerali Prawit Wongsuwan alipigwa picha akiwa amevaa saa za thamani kubwa ambazo hakuwa amezitangaza katika orodha ya mali yake. Alijitetea kwamba aliziazima kwa rafiki ambaye alikuwa amefariki. Desemba 2018, tume ya kupambana na ufisadi iliamua kwamba hakuwa na kesi ya kujibu.

Na Machi 28, 2025, tetemeko lililotokea Myanmar lilipotikisa Bangkok, jengo refu lililokuwa likijengwa lilianguka na kuua makumi ya wafanyakazi. Lilikuwa la Ofisi ya Ukaguzi wa Hesabu za Serikali, taasisi inayopaswa kuhakikisha fedha za umma hazifujwi. Uchunguzi uligusia ubora wa vyuma na namna zabuni ilivyotolewa. Majengo mengine mengi marefu ya jiji hilo yalisimama imara.

Mapatano ya wakubwa

Pigo kubwa zaidi kwa hadithi ya rangi mbili lilikuja mwaka wa 2023. Katika uchaguzi wa Mei 14, chama kipya cha vijana, Move Forward, kilipata viti 151 na kukipiku Pheu Thai cha familia ya Shinawatra kilichopata 141. Hata Chiang Mai, nyumbani kwa Thaksin, viti vingi vilitwaliwa na vijana hao.

Chini ya katiba ya 2017 iliyoandikwa wakati wa utawala wa kijeshi, maseneta 250 walioteuliwa walikuwa na haki ya kumpigia kura Waziri Mkuu pamoja na wabunge 500. Kiongozi wa Move Forward, Pita Limjaroenrat, alihitaji kura 375. Alipata 324.

Pheu Thai kikaachana na washirika wake na kuunda serikali pamoja na vyama vya majenerali walioipindua serikali ya chama hicho. Agosti 22, 2023, siku ileile mfanyabiashara Srettha Thavisin alipochaguliwa Waziri Mkuu, Thaksin alitua Bangkok baada ya miaka 15 uhamishoni. Kifungo chake cha miaka minane kilipunguzwa na mfalme hadi mwaka mmoja. Hakulala jela hata usiku mmoja kamili. Alihamishiwa hospitali ya polisi, kisha akaachiliwa kwa masharti Februari 2024.

Kwa mama aliyempoteza mwanawe katika mitaa ya Bangkok mwaka wa 2010, mapatano hayo yalikuwa na uchungu wa pekee. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mapatano yenyewe hayakudumu. Srettha aling'olewa Agosti 2024 kwa kumteua waziri aliyewahi kufungwa kutokana na jaribio la kuwahonga maafisa wa mahakama. Paetongtarn, bintiye Thaksin, alichukua nafasi hiyo akiwa na umri wa miaka 38 kasoro siku chache, naye akaondolewa Agosti 29, 2025, baada ya kuvuja kwa mazungumzo yake ya simu na kiongozi mkongwe wa Kambodia, Hun Sen, wakati nchi hizo zilipokuwa zikizozania mpaka. Siku chache baadaye bunge lilimchagua Anutin Charnvirakul wa Bhumjaithai, na Septemba 9 Mahakama ya Juu ikamwamuru Thaksin atumikie mwaka wake gerezani.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Chama cha vijana na chama cha Shinawatra vilipogombana, aliyevuna ni wa tatu.

Deni linalobaki

Katika kipindi hiki chote, mirengo yote imekuwa ikiiga sera za mwenzake. Abhisit alitoa dhamana ya mapato kwa wakulima. Utawala wa Prayuth ulileta ruzuku kwa wakulima na, mwaka wa 2017, kadi ya matumizi kwa maskini. Srettha aliahidi baht 10,000 kwa takriban kila mtu mzima, na fedha za awamu ya kwanza zikawafikia karibu watu milioni 14 wasiojiweza mwaka wa 2024.

Misaada hiyo si haba kwa anayeihitaji. Matibabu ya baht 30, kwa mfano, yamedumu kupita serikali zote zilizojaribu kuyabeza, kwa sababu yalijengwa kama haki ya kila raia wala si zawadi ya msimu. Lakini mengi ya yaliyofuata yalikuwa ya kutuliza maumivu: kusitisha deni, kuahirisha deni, kukopesha ili kulipa deni. Madeni ya familia nchini humo yamefikia karibu asilimia 90 ya pato la taifa.

Yaliyoachwa ndiyo magumu zaidi. Maji ya umwagiliaji bado hayajafika katika sehemu kubwa ya Isaan. Wakuu wa mikoa bado huteuliwa na Wizara ya Mambo ya Ndani kutoka Bangkok. Ni jiji hilo pekee linalochagua gavana wake. Serikali inayomwogopa mpiga kura haiwezi kumkabidhi madaraka, na inayomtaka awe na shukrani haina haraka ya kumwondoa katika utegemezi.

Vijana wa eneo hilo wametoa jibu lao kwa miguu. Wamekwenda Bangkok, Taiwan, Korea Kusini, na wengine katika mashamba ya Israeli, ambako Watailandi wapatao 30,000 walikuwa wakifanya kazi kabla ya Oktoba 7, 2023. Makumi yao waliuawa au kutekwa nyara siku hiyo, wengi wao wakiwa wana wa wakulima wa Isaan. Baadhi ya walionusurika walisita kurudi nyumbani, kwa kuwa mikopo waliyochukua ili wasafiri haikuwa imelipwa.

Hapo ndipo kiini cha mzozo wa Thailand kilipo. Ufisadi ni adui halisi wa mkulima, kwani fedha zilizoibwa katika mpango wa mchele zingeweza kuchimba mifereji na mabwawa. Lakini kila mara adui huyo alipotajwa, tiba iliyotolewa ilikuwa kumnyang'anya mkulima huyohuyo chombo pekee alichonacho cha kuwawajibisha wakubwa. Wanaotaka kukomesha wizi watalazimika kwanza kumwachia kura yake, na wanaoomba kura hiyo watalazimika kumpa maji badala ya mkopo mwingine.